Mguu wa Mzee

Jumatatu, 8 Septemba

Geti la mwalimu bado. Bawaba mbili zilikaa upande, nimezikata nikazichomelea upya. Umeme ulipotea saa nne ukarudi saa sita. Jicho la kulia linawasha, cheche ilipita chini ya miwani.

Awor alipiga simu nikiwa nakata bomba. Dada yangu huwa hapigi mchana. Baba yuko hospitali, Tororo. Sukari imemla mguu wa kushoto, umeoza mpaka juu ya kifundo. Wataukata Alhamisi. Damu hakuna, wanataka ndugu watoe chupa mbili. Oketcho, mdogo wetu, ametoa moja. Awor ana mimba, hawamruhusu. Nimebaki mimi.

Nilimwambia, "Damu yangu ameshaimwaga ya kutosha." Nikakata simu.

Sijuti. Nimemaliza bomba zote.

Jumanne, 9 Septemba

Kazi mbaya leo. Nimeunguza kiganja.

Nafula aliniuliza tena kuhusu sikio langu la kushoto. Ni mke wangu kwa miaka kumi na moja sasa, na siku zote nimemdanganya kwamba ni ugonjwa wa utotoni. Leo nimemwambia. Nilikuwa na miaka tisa. Ng'ombe aliingia kwenye mtama wa jirani, kule kijijini kwetu Petta. Baba alinipiga kwa ubapa wa panga. Damu ilitoka sikioni siku tatu. Tangu hapo upande wa kushoto ni kimya.

Nikaendelea, sikuweza kunyamaza. Mama alivunjwa taya kwa kigoda kwa sababu mboga ilikuwa haina chumvi. Miezi miwili alikunywa uji kwa mrija wa jani la mpapai. Oketcho alifungwa kwenye nguzo ya banda la mbuzi siku nzima, juani, akiwa na miaka mitano.

Nilipofika miaka kumi na sita nilichukua mchi wa kutwangia. Nilimpiga begani kwanza, halafu kichwani. Alianguka kifudifudi uani, hakutikisika. Nilijua nimemuua. Nikatembea mpaka Busia, nikavuka mpaka kuja upande huu kwa njia za panya. Miaka kumi na tisa sasa. Wiki mbili baadaye nilisikia yuko hai.

Kuna kitu sikumwambia Nafula. Pale uani, nikimtazama amelala, nilifurahi. Na niliposikia yuko hai nililia kwa hasira.

Siendi.

Jumatano, 10 Septemba

Mbavu zinauma nikivuta pumzi. Naandika taratibu.

Oketcho alivuka asubuhi. Alisimama mbele ya karakana, wateja wakiwa pale, akaanza. "Wewe nakaa huku, nachomelea mageti, mzee naoza!" Nilimwambia aondoke. Hakuondoka. Akasogea karibu na sikio langu zima ili nisikie vizuri.

"Unajua ulipokimbia nini ilitokea? Fimbo yako yote, Mama ndiye alikula. Yako na ya kwake. Mpaka akakufa."

Nikampiga ngumi ya mdomo. Akaokota bomba akanipiga ubavuni. Nikamwangusha kwenye rundo la vyuma vikuukuu, nikamkalia kifuani. Nyundo ilikuwa mkononi. Sijui niliishika saa ngapi. Niliinua. Ningeshusha, sidanganyi.

Nafula alinishika mkono kwa nyuma. Niligeuka nikampiga kofi. Haikuwa bahati mbaya. Nilimwona ni yeye, nikapiga. Akaangukia geti la mwalimu, mdomo ukapasuka.

Halafu nikamsikia Oketcho, chini yangu, meno yamejaa damu, anacheka.

"Mzee mtupu," alisema. "Huyu ni Baba yule yule."

Nafula hakulia. Alijipangusa kwa kanga, akainuka mwenyewe. Aliniambia, "Mkono huo ukinigusa tena, utarudi ukute kuta tu." Kisha akasema, "Nendeni kwa baba yenu. Mkamalizane huko. Hapa msilete."

Nitakwenda. Sio kwa sababu ya damu. Nataka kumwona aliyeniwekea mikono hii. Naogopa nitakachofanya nikifika.

Alhamisi, 11 Septemba

Benchi la hospitali.

Nimevuka mpaka na Oketcho. Mdomo wake umevimba kama wa Nafula.

Harufu niliipata mlangoni mwa wodi. Kitanda cha mwisho. Nilipita, nikarudi, sikumjua. Mzee amekuwa mdogo. Shingo imebaki kamba. Mguu wamefunika kwa shuka, nzi wako juu ya shuka.

Yeye alinijua. Aliita wodi nzima. "Huyu aliniua! Amekuja kumaliza!" Fimbo yake ilikuwa pembeni ya kitanda. Sikuamini bado anaweza. Alinipiga usoni, nyusi ikapasuka, damu ikaingia jichoni. Akainua tena.

Nilidaka fimbo kwa mkono mmoja, mkono wa pili nikamkamata kifundo cha mkono. Nikaminya. Mfupa ulikuwa pale pale, chini ya ngozi, mwembamba kama nondo ya dirisha. Nilijua nikizungusha kidogo tu utakatika. Mikono yangu inajua vitu hivyo, ndiyo kazi yake.

Halafu nikamwangalia. Alikuwa amefumba macho. Bega amelipandisha mpaka sikioni, kidevu kifuani. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunafanya sisi, tukisubiri.

Nikamwachia.

Sista akaja mbio, mama mnene asiye na subira. Mzee akamwambia hataki damu ya huyu mtu mwilini mwake. Sista akamjibu, "Mzee, damu ikiingia friji haina jina. Wewe utapewa ya mwingine." Akanivuta kwa shati, akanishona nyusi, akamwita mwenzake anitoe chupa. Nilitazama mfuko ukijaa. Sikuhisi huruma. Sikuhisi chochote.

Wamemwingiza thieta kumkata mguu saa nane. Wamemtoa saa kumi. Yuko hai.

Ijumaa, 12 Septemba

Hakuna aliyeniambia kuhusu mguu.

Asubuhi walitukabidhi. Sista alikuja na mfuko mweusi wa plastiki, umefungwa mara mbili. "Ndugu wa mzee, chukueni mkazike." Awor alitoka nje kutapika. Oketcho aliweka mikono nyuma, akasema hashiki, mguu utamfuata ndotoni. Nikashika mimi.

Mzito. Baridi. Niliupakata kwenye pikipiki kutoka Tororo mpaka Petta. Dereva aliuliza nimebeba nini. Nikasema nyama. Akasema leo mtakula.

Nyumba imeinama upande mmoja. Hakuna mtu. Kaburi la Mama liko nyuma, chini ya magugu. Niliazima jembe kwa jirani, mama mmoja aliyenitazama sana bila kuuliza. Ardhi ngumu. Kila pigo mbavu zinalia. Uzi wa nyusi uliachia, damu ikawa inadondoka shimoni.

Shimo lilipofika kiunoni nilifungua mfuko. Nilitaka kuuona.

Ni ule ule. Kidole gumba kimepinda kuelekea vingine. Mguu huu ulimkanyaga Mama tumboni pale jikoni, mbele yetu, na Awor alikuwa anamvuta kwa suruali. Niliuona na kichwa kikajaa. Nikaupiga kwa jembe. Nikapiga tena. Nilipiga mpaka mikono ikafa ganzi, nalia kwa sauti kama mwendawazimu, mbuzi wa jirani wakakimbia.

Haukulia. Haukujikunja. Ni nyama tu, haijui kitu.

Kisha aibu ikanishika. Mfuko ulikuwa umechanika vipande. Nilivua shati nikaufunga vizuri, nikashuka nao shimoni nikaulaza. Nikafukia. Sio karibu na Mama. Upande wa barabara.

Yule mama jirani aliniletea maji ya kunawa na shati la mumewe. Nilitaka sana aniulize.

Jumapili, 14 Septemba

Nimerudi jana. Nafula alitazama uso wangu, akaleta dawa, akaiweka mezani. Hakunipaka. Analala na watoto.

Leo baada ya kanisa nilimwambia yote. Kofi, kwamba nilijua ni yeye. Mchi, kwamba nilifurahi. Jembe. Alisikiliza akichambua maharage. Nilimwomba msamaha. Alisema, "Nimesikia." Sina haki ya kudai zaidi.

Mchana Awor alipiga. Alisema mzee ameamka vizuri, analalamika vidole vya mguu vinawasha, vile ambavyo havipo. Halafu akasema subiri. Nikasikia simu inasuguana na shuka. Nikasikia anapumua.

"Ulichimba kina?"

"Kiunoni, Baba."

"Mbwa wa hapo nafukua sana."

"Hawataufikia."

Nyuma yake wodi, mtoto wa mtu analia, ndoo inaburutwa. Kisha akasema wiki mbili zijazo watamtoa nyuzi.

Hakuniambia nije. Hakuniambia nisije.