Uso Ambao Sijauona

Jumatatu, 4 Agosti
Kina mama watatu kliniki leo. Wa mwisho Bi Rukia, ametoka Pate alfajiri. Mwanawe mdomo umepasuka hadi puani, kaakaa liko wazi. Nimempima kichwa, nimempiga picha, nimemchukua mate kwa pamba. Kisha maswali ya utafiti. Tukafika lile la udugu wa wazazi.
"Mume wangu ni mtoto wa ami yangu. Ndiyo yaliyoleta haya?"
Nikajibu nilivyofundishwa. Sababu ni nyingi, ndiyo maana twachunguza. Si kosa lako. Sauti haikutetemeka.
Mimi na mume wangu Athman baba zetu ni ndugu. Mimba yangu ina miezi saba.

Jumatano, 6 Agosti
Natazama midomo ya watu. Muuza samaki. Maalim wa madrasa. Yote mizima. Athman sijamwambia kitu.

Ijumaa, 15 Agosti
Skani. Moyo wapiga vizuri, maji yatosha. Uso hauonekani, mtoto ameuziba kwa mkono. Wakasema nirudi wiki ijayo. Athman kwa furaha kaninunulia halua. Sijaifungua.

Jumapili, 24 Agosti
Sikurudi. Kutwa nawahimiza kina mama wasikose miadi. Mwoga mimi.

Jumanne, 2 Septemba
Bi Rukia amekuja tena. Mtoto ameongeza uzito, Mombasa watampokea kwa upasuaji. Nilipokuwa namwandikia barua akaniangalia tumbo, kisha uso.
"Na nyinyi mwaogopa, Bi Salma."
Sikuweza kukana.
"Bwana ajua?"
"Hajui."
"Mwambieni leo."
Nimemwambia baada ya chakula. Aliisukuma sahani kando. Kisha akasema, "Nyumba moja nami, na umeogopa peke yako?" Alikasirika. Bora hivyo.

Alhamisi, 18 Septemba
Skani ya pili, Athman kasimama kando yangu. Mpimaji alikirudisha kifaa mahali pale pale mara tatu. Nikajua. Mdomo wa juu, upande wa kushoto, una mwanya. Kaakaa hakuweza kuliona.
Kazi yangu ni hii. Najua kila hatua inayofuata. Nimelia kama mtu asiyejua lolote.
Athman akauliza, "Ataweza kunyonya?"
Sijui. Ikiwa kaakaa ni zima, ataweza.

Jumatatu, 29 Septemba
Usingizi hakuna. Naota nafungua mdomo wa mtoto na ndani ni giza tupu. Mavyaa, mama yake Athman, ameshaambiwa. Anasoma dua tangu asubuhi na hanitazami usoni. Ananilaumu? Analaumu ndoa aliyoipanga mwenyewe? Sina nguvu ya kumuuliza.

Jumamosi, 11 Oktoba
Msichana. Walipomweka kifuani sikumwangalia. Niliomba maji nikanawa mkono kwanza, nikaingiza kidole, nikapapasa kaakaa. Zima. Lote zima, alhamdulillahi. Alikiuma kidole kwa ufizi, akavuta.
Ndipo nikamtazama. Mwanya ni mdogo. Macho ya Athman kabisa.
Athman akamwadhinia sikioni. Sauti ilimkatika mara moja, akaendelea.

Alhamisi, 16 Oktoba
Ananyonya. Polepole, huku hewa ikipita pembeni, lakini ananyonya. Mwenzangu wa kliniki alikuja na maswali yale yale. Nimeyajibu yote, hata lile la udugu.
Alasiri wakaja wanawake wa mtaani kumwona mtoto. Mavyaa alitangulia chumbani na leso.
"Tumfinike uso. Watu wana mato ya husuda."
"Kuna joto, mama."
Akasimama na leso yake mkononi. Nje viatu vilikuwa vinavuliwa. Kisha akaikunja mara mbili, akaketi karibu na mtoto, akawa anampepea nayo, uso wazi.