Maelezo Kuhusu Mteja wa Gauni la Shule

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa ili mtoto asitambulike
Umri: miaka 41
Kazi: fundi wa sare za shule, mwenye karakana
Makazi: nyumba iliyo nyuma ya karakana

Nimeambiwa niseme kweli tupu, na hiyo ndiyo iliyonileta.

Nilianza na cherehani moja ya kuazima. Leo ninazo nne, na hakuna aliyenishika mkono. Simu ya oda huishika binti yangu wa miaka kumi na miwili akitoka shule, kwa kuwa anaandika haraka kuliko mimi. Nilimfundisha ajibu papo hapo na asimjibu mteja kwa mkato. Nilidhani yanatosha.

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, saa kumi na nusu jioni, mtu aliyejiita Baba Pacha aliandika kwamba anataka gauni la shule la mtoto wa miaka kumi na miwili, ila vipimo hana. Binti yangu akachukua utepe, akajipima, akamtumia vipimo vyake mwenyewe. Kwetu si ajabu. Tangu akiwa mdogo, sare za umri wake tunamjaribishia yeye kwanza. Mtu yule akaomba picha aone gauni linavyokaa. Akatumiwa, na nembo ya shule ikionekana kifuani.

Tarehe 6 habari za gauni zikaisha. Akauliza mtoto anatoka shule saa ngapi na anapita njia ipi. Akataka picha nyingine, bila sare. Akaandika kuwa akinyimwa ataipeleka ile ya kwanza kwa mwalimu mkuu, na kwamba binti yangu afute ujumbe wote, mama asijue.

Tarehe 7, saa kumi na moja jioni, nilikuwa nakata kitambaa. Binti yangu akasimama pembeni ya meza.

“Mama, mteja akikwambia ufute meseji zake, unaendelea kumjibu?”

Sikuinua kichwa. “Mteja gani huyo? Anakopa?”

“Hakopi. Hajanunua kitu.”

Hapo nikaweka mkasi chini. Mtoto alitoa taarifa, akanionyesha yote. Hakuwa amefuta hata neno moja, kwa sababu karakana yetu haifuti ujumbe wa oda mpaka nguo ichukuliwe, na gauni lile hakuna aliyelichukua.

Kaka yangu, anayetupigia pasi, akasema, “Mchape, na simu ivunje. Ndiyo dawa.”

Nikamwambia, “Nikimchapa leo, mwingine akimwandikia kesho atamwambia nani? Wewe, mjomba mwenye fimbo?” Akarudi kwenye pasi yake.

Nilimwambia binti yangu kwamba anayetaka nguo huleta mtoto apimwe, na asiyemleta hatumshonei. Vipimo vyake, picha yake na njia anayopita si mali ya dukani. Na mtu akimwambia asimwambie mama, aje mbio aniambie.

Akauliza, “Hata kama mimi ndiye niliyekosea kwanza?”

Nikamjibu, “Hapo ndipo uje mbio zaidi.”

Jioni hiyohiyo nilifika kaunta ya kituo hiki. Askari wa zamu aliniuliza mara mbili kwa nini mtoto ana simu. Mtu yule ni nani, hakuuliza hata mara moja. Naomba hilo liandikwe kama nilivyolisema. Binti yangu alikuwa ameshika gauni langu, akasikia, na tangu hapo hajafungua kinywa. Leo yupo kwenye benchi hapo nje. Anayoyajua yeye siwezi kuyasema mimi. Simu nimeikabidhi, ujumbe wote umo.

Niliyoyaona na kuyasikia yameishia hapo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa) Tarehe 8, saa nne asubuhi

Maelezo ya afisa: Nimeandika haya mbele ya shahidi. Kabla ya kutia sahihi alinirudisha kwenye mstari mmoja nilipoandika “mtoto alikiri”, akataka iwe “mtoto alitoa taarifa”. Nimeufuta na kuandika upya. Aliomba nitoke nikamsomee mtoto mstari huo, nikamsomea. Mtoto ameingia saa nne na dakika ishirini, ameketi karibu na mama yake, na ameanza kueleza.