Kidonge cha Daku

Jumanne, 8 Februari 1994

Asubuhi dukani kwangu, wateja walioshuka kwenye mabasi. Mmoja anataka dawa, "ile ya rangi mbili". Ya ugonjwa gani? Hajui. Ya rangi mbili. Tangu maduka ya dawa ya watu binafsi yaruhusiwe, Kondoa imejaa madaktari wasiosoma. Nikamweleza kwamba kidonge hakijui unaumwa wapi. Huyeyuka, huingia kwenye damu, damu hukisambaza mwili mzima, nacho hufanya kazi pale tu kinapopata pa kushika. Kanisikiliza kwa adabu. Kisha kauliza kama ya rangi mbili ipo.

Mchana Baba kapita kuchukua vidonge vyake vya kisukari. Nikamkumbusha: kimoja, pamoja na chai ya asubuhi. Na Ramadhani asifunge, daktari wa Dodoma alishasema. Akacheka. Ameadhini katika msikiti wa mtaa wetu tangu sijazaliwa. Muadhini anayekula mchana! Nikamfungia vidonge vyake. Nina watoto wawili na bado ninamwogopa Baba.

Jumamosi, 12 Februari

Mwezi umeandama. Baba kafunga. Mama anasema kidonge amekihamishia kwenye daku, kabla ya alfajiri. Nimekasirika. Mama kasema baba yako ni mtu mzima. Hiyo ndiyo dawa ya Mama kwa kila ugonjwa.

Jumatatu, 14 Februari

Nimekwenda kumweleza. Nilijiandaa njia nzima.

Kidonge hiki si chakula, nikamwambia. Hakimpi mtu nguvu. Kinaliamsha kongosho litoe insulini, na insulini inaiondoa sukari kwenye damu. Hakiulizi umekula au hujala. Kisipokuta chakula kinafagia tu, mpaka kinabeba na mkeka. Na kwa mtu wa umri wake figo hazina haraka, kwa hiyo dawa inakaa mwilini muda mrefu.

Kasikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa, mwanangu. Inakaa muda mrefu. Ndiyo maana naimeza daku."

Nikaaga. Mvua njia nzima. Nilitamani kulia.

Jumatano, 16 Februari

Futari kwa wazazi. Mkono wa Baba unatetemeka akishika tende. Jasho, na baridi hii. Baada ya tende na uji akatulia, akaanza kututania. Anasema ni uzee. Uzee gani unaopona kwa tende? Kesho nitamwona shehe, Baba anamsikiliza.

Alhamisi, 17 Februari

Sikumuwahi shehe.

Adhana ya alasiri ilianza vizuri. Kisha Baba akarudia mstari aliokwisha kuusoma. Akaurudia tena, taratibu, kama mlevi. Kisha kimya. Mteja alikuwa mbele yangu na pesa mkononi. Nikamwacha dukani, nikachukua sukari ya chai yetu na maji, nikakimbia.

Wanaume walikuwa wamemkalisha uani. Kanzu imelowa jasho. Macho yananiangalia, hayanijui. Jina langu kalisahau, lakini kikombe kilipofika mdomoni alikaza meno. "Nimefunga." Mara tatu. Wengine wakaanza kusema aachwe, magharibi haiko mbali. Nikapiga kelele, mimi, mwanamke, uani mwa msikiti: hafiki magharibi! Shehe akaja, akapiga magoti. "Mnywesheni. Mungu hakumtaka ajiue." Akamshika kidevu yeye mwenyewe.

Alikunywa. Kidogo kidogo akaanza kututambua. Watu wakashukuru, wakataka kumpeleka nyumbani. Nikakataa. Sukari ya kikombe inapita upesi, dawa bado imo. Tukaenda hospitali.

Nilikuwa sahihi. Baada ya isha alizama tena, wakamwekea dripu ya sukari. Sijawahi kuchukia kuwa sahihi namna hii.

Ijumaa, 18 Februari

Yuko macho. Mama kanieleza wodini, uso umeinama. Hakuwa akimeza kimoja. Alikuwa akimeza viwili. Ukitaka kushinda mchana unashiba daku, na Baba aliona dawa nayo ni hivyo hivyo: ukiila ya kutosha, inakushikilia mpaka jua lizame.

Nami nilimwambia inakaa muda mrefu. Nilimpa maneno, akayapika anavyojua yeye.

Jumatatu, 21 Februari

Karudi nyumbani. Shehe amemwambia hana funga tena. Atoe fidia, amlishe maskini kwa kila siku. Kakubali. Kuadhini anaendelea.

Na mimi hasemi nami. Naitikiwa salamu, basi.

Alhamisi, 24 Februari

Mama anampikia mchana na kutoka ili ale peke yake. Uji unarudi ulivyokwenda. Kidonge kakimeza! Nimemwambia Mama vidonge vikae kwake: hakuna chakula, hakuna kidonge. Lakini bila kidonge sukari itapanda, na hiyo nayo inaua, polepole tu. Naogopa. Anaona aibu hata mbele ya kuta.

Jumamosi, 26 Februari

Mama alikwenda sokoni, kaniachia kidonge cha Baba. Nimechemsha uji na muhogo, nikaingia chumbani kwake na vikombe viwili.

Leo sifungi. Niko kwenye siku zangu. Tangu nivunje ungo, siku kama hizi nakula jikoni, mlango umefungwa, na napangusa mdomo kabla ya kutoka. Mbele ya Baba sijawahi kumeza hata maji mchana wa Ramadhani.

Nikaketi mkekani mbele yake, nikanywa. Uso ulikuwa unawaka moto. Akaniangalia, kisha akatazama chini. Akaelewa.

Halafu akachukua kikombe chake.

"Mama yako alikuwa akinywea chai stoo," kasema. "Miaka yote. Nilikuwa namsikia anaipuliza."

Tukacheka, taratibu, tusisikike nje. Kasogeza sahani ya muhogo upande wangu. Tumekula ukaisha, nikampa kidonge, akakimeza.