Alama Nyekundu za Spika Zako

Fundi Lukasi, baba yangu wa kazi,

Naandika haraka, na usicheke. Binti yako Anastazia anaolewa leo. Wako kanisani hapa Karema sasa hivi. Wakitoka tu, nawasha muziki. Amplifaya ni ileile yako ya betri ya gari. Mama Anastazia alinikabidhi baada ya arobaini yako, akasema, "Petro, hii ndiyo sauti ya marehemu iliyobaki. Usije ukaiunguza."

Nimekaribia kuiunguza, Fundi.

Unanijua. Shule niliiacha darasa la tano, lakini Tabora nimefika, Dar nimelala siku mbili! Basi nikatangaza kwamba harusi hii itasikika mpaka Kongo, ng'ambo ya ziwa. Nikaazima spika mbili juu ya zako mbili, nikaziunga zote nne ubavu kwa ubavu. Halafu, ili zipendeze, nikazipaka rangi ya bluu mbele na nyuma. Hapo nikazifunika zile alama nyekundu ulizochora wewe, kwa rangi ya kucha ya Mama, kuonyesha upande chanya wa kila spika.

Jana alasiri nikajaribu. Besi hakuna. Ngoma inalia kama debe tupu. Nikaongeza sauti, ikaanza kukwaruza, na amplifaya ikawa ya moto, ukiigusa unarusha mkono. Mama akatoka jikoni na mwiko: "We Petro, mbona Lukasi anakohoa?" Nikamwambia ni upepo wa ziwa. Uongo gani huo!

Ndipo nikakumbuka siku ile tulipokuwa kazini kule Mwese. Uligusisha betri ya tochi kwenye spika, karatasi yake ikaruka mbele. Ukagusa ya pili, ikarudi nyuma. Ukasema, "Hawa wanasukuma gari moja, mmoja huku, mmoja kule. Jasho jingi, gari halitoki." Na amplifaya uliiita mpagazi: kila spika unayoiunga ubavuni ni gunia jingine kichwani pake.

Leo asubuhi nimezipima zote. Mbili nilikuwa nimeziunga kinyume, mojawapo ikiwa yako. Nimebadilisha nyaya. Nikamwomba bibi harusi rangi ya kucha, akacheka, "Kaka Petro, na spika nazo zinaolewa?" Alipoona alama ninazochora, akanichukulia kibrashi. Akaichora ya mwisho mwenyewe.

Zile za kuazima nimezitoa. Kongo haitasikia kitu, na watanicheka mpaka Ikola. Ila kapasita inayozuia besi isiingie kwenye ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iliyo ndani ya boksi lako, ilipasuka jana. Nimeweka ya redio kuukuu, na sina hakika kama inafaa. Wewe ungesikiliza tu ukajua. Mimi nasikia moyo wangu tu.

Kengele hiyo. Wanatoka.

Nakuahidi, Fundi: leo sauti ndogo, lakini safi. Ikikwaruza hata mara moja nazima, nalipiga debe kama ngoma mbele za watu, waniite wanavyotaka. Sauti yako sitaiunguza.

Pumzika. Naenda kuwasha.

Petro wako, Mdomo Usio na Swichi