Mafuta Yanayorudi Tangini

Ugonile, mjukuu wangu Tumaini. Huku mpunga umechanua, na bibi yako anakusalimu.

Umeuliza kwa nini gari linatoa moshi mweusi tangu ufunge pampu kubwa ya mafuta. Ujanani, gari langu la mashindano lilifanya hivyo hivyo, likazimika kijijini Busale asubuhi ya mbio. Msichana aliyekuwa akikata mwanya kwenye tuta la jaruba la mpunga akaniuliza, “Kaka, gari lako linavuta sigara?”

Nilitazama maji ya ziada yakitoka polepole mwanyani, mpunga usizame. Regyuleta ya presha hufanya kazi hiyo: hurudisha tangini mafuta yanayozidi, injini isitoe moshi. Yako imezidiwa na pampu. Funga regyuleta kubwa zaidi.

Mbio zilinipita. Nilikaa tutani mpaka jioni, nikisikiliza maji. Msichana yule ndiye anayekusalimu.

Babu yako