Maelezo ya Betty Driciru Kuhusu Wito wa Onzima na Mkataba wa Pajulu

KITUO CHA POLISI ARUA
Maelezo ya shahidi, yaliyoandikwa tarehe 13 Februari 1974, kuanzia saa 3.15 asubuhi.

Jina: Betty Driciru
Umri: Miaka 17
Kazi: Mwandishi wa kibao katika kampuni ya filamu, kabla ya hapo mwanafunzi, nimemaliza Senior Four mwaka jana
Makazi: Pajulu
Shauri: Draku, mwenyekiti wa chama chetu, anayetuhumiwa kukusanya watu wenye silaha

Nimeruhusiwa kuandika kwa mkono wangu, kwa sababu nilipoulizwa maswali kaunta sauti yangu haikusikika. Draku ni mjomba wangu. Nimelisema hilo mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Mnamo tarehe 30 Januari kampuni ya filamu kutoka ng'ambo ilifika Pajulu, ikiwa na kibali cha serikali, kutengeneza filamu ya maisha ya zamani. Iliajiri watu arobaini na wawili wa kwetu: wapiga upinde, wabebaji, wachota maji. Mwenye kuongoza filamu ni Bwana Étienne, mzungu, anayejua Kifaransa na Kiingereza. Msimamizi wa watu ni Bwana Gustave, kutoka upande wa Congo. Yeye ndiye aliyekuwa akimtafsiria Bwana Étienne maneno yetu. Mimi nilipewa kibao cheusi. Kabla ya kila picha naandika namba kwa chaki, nakishika mbele ya kamera, nakigonga, natoka. Ni kazi isiyohitaji kusema, ndiyo maana niliiomba.

Wafanyakazi walianzisha chama wiki ya kwanza, baada ya mbebaji mmoja kuanguka kutoka kwenye lori na kuvunjika mkono. Alipelekwa hospitali ya Kuluva kwa baiskeli, huku lori la kampuni limesimama. Draku alichaguliwa mwenyekiti na mimi mwandishi. Tuliomba mkataba wa maandishi mara mbili kupitia kwa Bwana Gustave. Mara zote mbili alisema, "Bwana mukubwa anafikiri."

Jana, tarehe 12 Februari, saa 2.30 asubuhi, tulipiga picha ya mtu anayerudi nyumbani kutoka safari. Kwa afisa asiye wa huku naeleza: kwetu kila mtu mzima ana wito wake, tunauita cere. Ni sauti ndefu ya juu. Ukiwa mbali kilimani unaupiga, na nyumbani wanajua ni wewe na si mwingine. Kupiga wito wa mtu mwingine ni kumtukana. Watu wamewahi kupigana kwa jambo hilo.

Mwigizaji mkuu, ambaye ametoka Kampala, alisimama juu ya mwamba akafungua mdomo. Sauti haikutoka kwake. Ilitoka kwenye kipaza sauti, na ilikuwa ya Onzima, mmoja wa wabebaji wetu. Mashine ya kunasa sauti ilikuwa imeichukua siku iliyotangulia alipokuwa akirudi kwake, bila yeye kuambiwa. Onzima mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu na mzigo kichwani.

Mke wake, aliyekuwa akilima ng'ambo ya kijito, aliitikia.

Watu walicheka. Kisha waliacha kucheka mmoja mmoja. Onzima alishusha mzigo wake taratibu, akasema, "Mke wangu ameitikia mashine."

Mtu mmoja akamjibu, "Afadhali mashine. Haili posho."

Onzima hakucheka. Draku pia alishusha mzigo wake, na wengine wote wakashusha. Saa 3.00 kamili kazi ilisimama. Hakuna aliyetupa jiwe na hakuna aliyemgusa mtu wa kampuni. Tulikaa chini kwenye nyasi.

Draku alimwambia Bwana Gustave, "Mwambie mzungu hii sauti iko ya Onzima. Iko na mwenyewe. Hatuinuki mpaka mkataba iandikwe."

Bwana Gustave akasema, "Sauti ni upepo. Batu beko bengi, nitaleta bengine." Saa 3.40 aliondoka na lori kuelekea Ludara, Koboko, kwa sababu karibu na Pajulu hakuna ambaye angekubali.

Alirudi saa 7.15 mchana na watu thelathini na mmoja. Aliyewaongoza ni mama mmoja, Rosa Kiden, muuza tumbaku katika soko la Ludara. Alishuka, akajipangusa vumbi, akatutazama tulivyokaa juani.

"Hawa iko wagonjwa?" aliuliza.

Draku alisimama akamweleza yote, kuanzia Kuluva mpaka kwa mke wa Onzima. Mama Rosa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimgeukia Bwana Gustave.

"Wewe ulisema iko kazi. Hukusema tunakuja kukalia kiti ya mutu, na yeye bado anakalia." Alikaa kando yangu. Watu wake thelathini walikaa pia. Sasa tulikuwa sabini na watatu, na nyasi za kukalia zilikuwa zimekwisha, wengine walikaa barabarani. Hiyo ndiyo sababu barabara ilionekana imefungwa. Hakuna gari lililofika likazuiwa.

Bwana Gustave alizungumza na Bwana Étienne kwa Kifaransa. Bwana Étienne alivua kofia, akatuinamia kama mtu anayetoa pole. Ndipo nilipojua kwamba hajaambiwa ukweli. Baadaye alithibitisha mwenyewe: aliambiwa tumeacha kazi kwa sababu ya msiba.

Nilijua Kiingereza cha kumwambia. Nilisimama, nikafika mbele yake, na maneno hayakutoka. Niliona aibu mbele ya watu sabini. Nilikuwa na kibao mkononi. Nilifuta namba kwa kiganja nikaandika kwa Kiingereza maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Hakuna msiba. Mmechukua sauti ya Onzima bila kumwomba. Tunataka mkataba." Nilikishika mbele ya kamera, mahali pangu pa kila siku, nikakigonga. Ilikuwa saa 8.20.

Bwana Étienne alisoma. Alimgeukia Bwana Gustave. Bwana Gustave alisema neno kwa Kifaransa, naye akamwonyesha kwa mkono anyamaze. Kisha akaniambia kwa Kiingereza, "Wewe soma, mimi nitajibu." Saa 9.00 Bwana Gustave aliingia kwenye gari dogo akaondoka. Sikujua kwamba anakuja hapa kituoni.

Nilifungua daftari la chama nikaanza kusoma madai yetu, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Draku alisema, "Mwanangu, paza. Waliokaa barabarani nao wako kwenye chama." Nilipaza. Niliendelea kupaza mpaka mwisho.

Tulibishana saa nzima. Bwana Étienne alikubali mara moja kwamba sauti ya mtu haitatumika bila ruhusa yake, wala haitawekwa kwenye mdomo wa mwingine. Kuhusu matibabu alikataa. Mama Rosa akamwuliza, kupitia kwangu, "Kamera yako ikianguka, utaiweka kwenye baiskeli?" Alikubali: atakayeumia kazini atapelekwa Kuluva kwa gari la kampuni, na kampuni itagharimia. Sisi tuliomba kazi iishe saa kumi. Alisema mwanga wa saa kumi na moja ndio mzuri kuliko wote. Tulimwachia saa kumi na moja, naye akatuachia Jumapili ya kupumzika. Watu wa Ludara waliandikwa kazi ya kuigiza kijiji cha pili kwenye filamu, na sisi hatukuondolewa. Alisema hangeweza kutuondoa hata angetaka, kwa kuwa sura zetu zimo kwenye picha za siku kumi na mbili.

Niliandika nakala mbili. Saa 10.10 Bwana Étienne alisaini juu ya sanduku la kamera, Draku akasaini, na Onzima akaweka kidole gumba kama shahidi. Fundi wa mashine alifuta wito mbele yake. Onzima aliomba asikilizishwe mara mbili kwamba kweli pako kimya.

Baada ya hapo Onzima alipanda juu ya mwamba akapiga wito wake mwenyewe. Mke wake aliitikia. Draku akapiga wake, na kila mtu mzima akapiga wa kwake, wa Pajulu na wa Ludara pia kwa namna yao. Mimi nilikuwa sijawahi kupiga wangu mbele ya wanaume. Niliupiga.

Saa 10.20 askari walifika na Bwana Gustave. Naelewa walichokiona: watu wengi, wanaume wameshika pinde, kila mmoja anapiga kelele juu ya kilima. Draku alikamatwa kwa sababu alisogea mbele kuwasalimu.

Pinde zile ni za kampuni. Hutolewa sandukuni kila asubuhi na kurudishwa jioni. Mishale haina chuma. Nchani pamefungwa mpira wa baiskeli, kwa amri ya kampuni, tangu siku ya kwanza mbuzi alipochubuliwa. Imo hapa kituoni. Naomba ishikwe nchani. Ilikuwa kelele ya furaha, na barua aliyonipa Bwana Étienne leo asubuhi inasema hivyo hivyo. Naiwasilisha pamoja na nakala ya mkataba.

Nimeyaona haya kwa macho yangu na kuyaandika bila kushurutishwa. Hapa ndipo yanapoishia.

Sahihi: B. Driciru

Dokezo la afisa: Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu, kisha amesoma yote kwa sauti, hata karani wa chumba cha pili amesikia. Nimekagua mishale 38. Yote ina mpira. Mkataba na barua vimeambatishwa. Kwa idhini ya mkuu wa kituo, Draku ameachiwa saa 5.40 asubuhi bila mashtaka. Watu wapatao sabini walikuwa wakimsubiri nje, wamekaa kimya. Ameniuliza kama anaruhusiwa kupiga wito wake akiwa ndani ya uwanja wa polisi. Nimemwambia avuke lango kwanza. Amevuka.

D/Koplo Abiriga