Ulisema ni Karasha

Baba, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza nawe kwa njia nyingine. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako, hapa kwenye studio yako ya picha, machimboni Mwakitolyo. Mama hajambo, ingawa bado anasonga ugali wa watu watatu, na wewe ukiwemo. Ofisi yangu ya ufundi wa kompyuta kule Shinyanga mjini nimeifunga tangu tulipokuzika, na wateja wamenipigia simu mpaka wamechoka.

Kompyuta yako niliiwasha tulipomaliza matanga. Nilitafuta picha yako. Umepiga watu picha maisha yako yote, halafu juu ya jeneza lako tukaweka picha iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho, umekunja uso kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Mama akasema lazima ipo nyingine kwenye mashine, maana hukufuta picha ya mtu yeyote. Wachimbaji wanatoka Kigoma, Singida, wapi na wapi. Mmoja akifia huku, ndugu zake walikuwa wanakuja kwako kuomba sura yake.

Nikafungua folda ya kwanza. Hapo hapo jirani akawasha karasha yake ya kusagia mawe ya dhahabu. Ukuta ukatetemeka, na kompyuta ikaganda. Nikabonyeza hiki na kile, wapi! Karasha ilipozimwa, kompyuta ikaendelea yenyewe. Ilipowashwa tena, ikaganda tena.

Uliniambia, baba. Uliniambia kwa simu, taratibu, kama mtu anayemweleza daktari. "Inaganda karasha ikiwaka, ng'wanawane, mwanangu. Ikizimwa, inatembea." Nami nikacheka. Nikakujibu kwamba kompyuta haina masikio. Nikasema ni virusi, ukasafisha virusi. Nikakutumia memori kwa bodaboda, ukaiweka mwenyewe. Nikakuelekeza kuweka programu zote upya, ukashinda kutwa nzima ukihangaika nazo; Mama anasema miwani ilikushuka puani. Ikaendelea kuganda. Mwisho ukaniomba nije niione kwa macho yangu, nikasema nimebanwa na kazi. Sikuwa nimebanwa hivyo. Kisha presha ikakuchukua.

Nikalifungua boksi la kompyuta. Diski, kile kidude kinachotunza picha zote, ilikuwa imeshikwa na skrubu moja badala ya nne. Na aliyeifunga ni mimi, siku ile nilipokuletea diski hiyo yenye nafasi kubwa. Nilikuwa nawahi usafiri wa kurudi mjini, nikajiambia nyingine nitazikaza nikija tena. Basi kila karasha iliponguruma, diski ilicheza, siku baada ya siku, mpaka ikaanza kujikwaruza kwa ndani. Nilipoiweka sikioni ilikuwa inagonga.

Nilikwenda kwa Mzee Masanja, mwenye karasha, nikamweleza yote bila kujificha. Nilitegemea anifukuze, maana watu walikuwa wamepanga foleni na viroba vyao vya mawe. Akanitazama, akasema, "Kwa ajili ya baba yako, nazima." Alizima siku mbili, baba. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile hapa machimboni. Diski nikailaza juu ya mto wako, nikaanza kuhamisha picha kwenda kwenye diski mpya, nikiziruka zile zilizogoma. Nyingi zilihama. Zilizopotea ni nyingi pia, na zingine zilitoka nusu, chini kijivu kitupu. Yako haikuwamo. Uliwapiga wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukushika mkono akakukalisha mbele ya kamera.

Jana alikuja Mama Limi. Mumewe, yule wa Kasulu, alifariki wiki iliyopita, na kwao wanataka picha. Nikaitafuta, ikafunguka nusu: paji la uso, macho, kisha kijivu. Nikamwambia kosa si la mashine wala si lako, ni langu. Akaitazama, akasema nimtolee hiyo hiyo. "Macho ni yake," akasema.

Nikamtolea.

Baba, nilikudharau. Hilo ndilo nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Wewe uliitazama mashine, mimi nikatazama cheti changu ukutani. Nisamehe, kama huko uliko watu husamehe.

Mtu akija kunieleza mashine yake inavyoumwa, nitanyamaza mpaka amalize. Hilo nakuahidi. Na picha zilizopona nitazitunza mahali pawili, mbali na ukuta huu. Mjini sirudi. Kila ndugu atakayekuja kuulizia mtu wake atanikuta hapa, na kama sura yake niliipoteza, nitamwambia mimi mwenyewe ni nani aliyeipoteza.

Pumzika, baba. Mama Limi amesema kesho anawaleta wenzake wawili, nao wanatafuta sura za watu wao.

Mwanao,
Shija